Mazabodi Iliyoonjwa Dukani kwa Salim

Ninyi mnaoanza kazi ya kufungua kompyuta za watu, nawaomba jambo moja kabla sijasema mengine: msiniamini upesi. Mzee akikaa kibarazani akaanza na "enzi zetu", mara nyingi kuna kitu anakificha. Mimi pia nilikuwa na changu, ila leo nimeamua kukitoa. Niliwahi kumwita mtu mwizi mbele ya gulio zima la Omurushaka, na nusura neno langu lifunge duka lake. Chanzo kilikuwa mazabodi moja isiyozidi ukubwa wa sinia dogo.

Jina langu ni Kagaruki. Wateja waliniita Ta Kagaruki, "Ta" ikiwa heshima yetu kwa mtu mzima, na wale niliowaudhi waliniita Ta Shaka, wakidhani sijui. Nilijua. Nilifanya kazi Omurushaka hadi macho yalipoanza kukataa skrubu ndogo, kisha nikarudi Igurwa kwenye migomba yangu. Hata huko mtu akinipa chipukizi la mgomba naligeuza chini juu, nalitazama mizizi, ndipo naushukuru mkono wake.

Kuna wanaodhani fundi bora ni mwenye mikono myepesi. Mikono myepesi hata kibaka anayo. Fundi ni mtu wa kukataa kuamini mpaka aone, na tabia hiyo mimi niliipata nyumbani kabla sijaona kompyuta. Kwetu Karagwe mtu hakupi rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuionja mwenyewe kwanza. Hata jirani yako mnayependana, ataweka kibuyu mdomoni, atameza ukimwona, ndipo akupe. Hakuna anayekasirika, kwa sababu ni adabu tu. Lakini mwenye pombe akiruka hatua hiyo, mgeni ataweka kibuyu chini taratibu na kukumbuka kwamba ng'ombe wake hawajafungwa. Baba aliniambia, "Asiyeonja, usinywe kwake," na alikufa akiwa na miaka mingi, kwa hiyo sina sababu ya kumbishia.

Desturi hiyo niliihamishia kwenye vifaa. Muuzaji akinipa mazabodi, yaani ule ubao mpana ndani ya kompyuta ambao vingine vyote huchomekwa juu yake, nilimwambia neno moja: "Onja." Maana yake aiwashe mbele yangu, kwenye meza yake, kwa umeme wake, mpaka kioo kitoe maandishi. Wauzaji wa Bukoba walinicheka. Mmoja wa Mwanza aliniuliza kwenye simu kama mimi ni mganga. Nilimjibu kwamba mganga huwa anaamini mambo, mimi siamini.

Sasa tuseme mteja amekuletea kompyuta yenye umri. Radi imepita kwenye waya wa umeme, na radi za Karagwe mnazijua, hazipigi hodi. Mazabodi imekufa, lakini prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya kufikiri kote, ni kizima. Mwenye mali hana uwezo wa kununua kompyuta mpya, na wewe huna haki ya kumtupia prosesa yake. Kazi yako ni kuitafutia mazabodi nyingine ya kukaa. Hapo ndipo uongo unapoanza, kwa sababu mazabodi za prosesa za zamani viwanda viliacha kuzitengeneza. Zilizopo zimetolewa kwenye mizoga ya kompyuta nyingine, zikasafishwa, zikatiwa kwenye boksi jipya, zikapandishwa basi, na aliyezipakia anaapa kwa mama yake kwamba hazijawahi kuguswa.

Kwa hiyo nusa. Sitanii, isogeze puani uinuse. Mazabodi iliyooshwa kwa petroli inanuka petroli hata baada ya wiki. Tazama matundu ya skrubu. Yakiwa na mikwaruzo ya duara, kuna mtu aliwahi kuifunga mahali na kuifungua. Mwambie muuzaji aondoe kifuniko cha plastiki kinachofunika soketi, pale prosesa inapokaa. Chini yake kuna vipini mamia, vyembamba mno, na kimoja tu kikilala kazi imekwisha. Akisita kukiondoa hicho kifuniko, muage na uende zako.

Soketi nyingi huitwa kwa idadi ya vipini vyake. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilikuwa na prosesa ya soketi ya 1155, muuzaji akaniletea mazabodi ya 1156. Nikajiambia, kipini kimoja ni nini? Mbuzi wa miguu mitatu si anatembea? Nikaibeba hadi karakana nikiwa na furaha zangu. Haikuingia. Vile vipengo viwili vya pembeni mwa prosesa vilikataa kukaa mahali pake, nikasukuma kidogo, nikasukuma tena, na Mungu akanihurumia nikaacha kabla sijavunja. Tangu siku hiyo nilisoma namba ya soketi kwa kidole, tarakimu moja moja, kama mtoto wa chekechea.

Halafu angalia RAM. Pengo lake la chini lisipokutana na jino la kwenye tundu, ni ya kizazi kingine, usilazimishe. Angalia plagi za umeme, maana kompyuta nyingi za maofisini, zile zenye kisanduku chembamba, zina plagi za namna yake peke yake, na mazabodi ya kawaida haizipokei. Pima kama ubao wenyewe utaenea kwenye kisanduku. Haya yote niliyajua. Niliyajua hata siku niliyomharibia Salim jina, ndiyo maana nawaambia kwamba kujua mengi hakumzuii mtu kuwa mjinga wa jambo moja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mtawa, Sista Adelina, msimamizi wa chumba cha kompyuta cha misheni moja ambako mimi nilikuwa fundi umeme. Mfukoni mwake aliweka bisibisi pamoja na rozari, na akitafuta kimoja alitoa kingine. Wakati mmoja nilitangaza kuwa mazabodi tatu zimekufa, nikazitia kwenye boksi la taka, na nikamsema vibaya dereva aliyezileta, kwamba amezirusharusha njiani. Sista akaitoa ya kwanza. Karibu na prosesa kuna mahali pa kuchomeka plagi ndogo ya nyaya nne, ambapo mimi nilikuwa napaona kama pambo. Akaichomeka, ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu nayo ikawaka.

"Kagaruki," aliniambia, "kabla hujamhukumu aliyekuletea, tafuta kwanza ulichosahau wewe."

Nikajibu, "Ndiyo, Sista," kama tunavyojibu watawa wote. Plagi niliikumbuka maisha yangu yote. Maneno yale niliyaacha palepale chumbani.

Sasa Salim. Duka lake lilikuwa barabarani, mabasi ya kwenda Kyerwa yanapogeuzia. Babu yake alikuja kutoka Pangani na biashara ya vitambaa, akaoa huku na kubaki. Salim mwenyewe amezaliwa Omurushaka na Kinyambo anakisema kuliko wanangu. Aliuza vyombo na kanga, kisha akaanzisha rafu moja ya vifaa vya kompyuta, na polepole rafu hiyo ndiyo ikawa inalisha nyumba. Nilinunua kwake miaka mingi, na miaka yote nilimwambia aonje. Hakununa hata mara moja. Alitenga prosesa moja ya zamani kwa kazi hiyo tu, akaiita Mwonjaji. Kila mazabodi iliyoingia dukani mwake iliwashwa kwa Mwonjaji, na hata nisipokuwepo aliwaambia wateja, "Hii imeonjwa, Ta Kagaruki ametuzoesha."

Basi akaja Ma Yustina kutoka Nyakakika, mjane wa Kilutheri, fundi wa kudarizi. Beji za sare za shule nyingi za upande ule zilitoka mkononi mwake, na michoro ya beji zote ilikuwa ndani ya kompyuta moja ambayo ndiyo iliyoendesha mashine yake. Radi ilikuwa imeipitia. Aliishusha kwenye meza yangu ikiwa imefungwa shuka, tukasalimiana, na kabla salamu hazijaisha akasema, kwa waitu yetu ya heshima na kubembeleza:

"Ta Kagaruki waitu, uifungue mbele yangu."

Nikaifungua. Akahesabu vipande vya RAM kwa kidole. Akauliza prosesa ni ipi, nikamwonyesha, akatoa chupa ya rangi ya kucha kwenye mkoba wake na kuitia prosesa tone jekundu kwenye kona.

"Wanasema mafundi mnabadilisha," akasema.

"Wanasema kweli," nikamjibu. "Ongeza tone na kwenye RAM."

Nilimpenda palepale. Mwanamke asiyeniamini hivyo angekuwa fundi mzuri kuliko wengi niliowafundisha. Alinieleza kwamba shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu, nikamwahidi kwamba atadarizi kabla ya hapo.

Prosesa yake niliipima kwanza. Karakanani nilikuwa na kompyuta yangu yenye soketi ile ile ya 1155. Nikatoa prosesa yangu, nikaweka yake, kioo kikawaka. Kwa hiyo prosesa ilikuwa nzima, na nimeona kwa macho yangu. Nikaenda kwa Salim. Alikuwa na mazabodi ya 1155, RAM ya aina ile ile, plagi zile zile, upana ule ule. Nikainusa. Nikakagua vipini kwa lenzi, kimoja kimoja. Nikamwambia aonje, akaweka Mwonjaji, kioo kikawaka. Hapo adhana ya adhuhuri ikasikika.

"Niachie niifunge vizuri isipate mvua," Salim akasema. "Nikitoka msikitini utaipitia."

Nikaenda kula. Mazabodi ikabaki dukani karibu saa nzima bila macho yangu, na bila alama, kwa sababu rangi yangu mwenyewe ya kucha ilikuwa imekaukia chupani na niliona aibu kumwomba mke wa Salim. Mimi niliyetia alama mpaka vijiko vya nyumbani, siku hiyo sikutia.

Nilipoifunga kwenye kompyuta ya Ma Yustina, feni ilizunguka na kioo kikabaki cheusi. Nikatoa RAM, nikaisugua kwa kifutio, nikairudisha. Cheusi. Nikabadilisha betri ndogo ya saa. Cheusi. Plagi ya nyaya nne niliiangalia mara mbili, na moyoni nikamwambia Sista Adelina kwamba safari hii sijasahau kitu.

Kisha nikakaa nikafikiri kama nilivyozoea. Prosesa niliiona ikiwaka. Mazabodi niliiona ikiwaka. Vitu viwili vizima vikikataa kuwaka pamoja, basi kimoja si kile nilichokiona. Prosesa ilikuwa na tone lake jekundu. Mazabodi haikuwa na kitu, na saa nzima ilikuwa mikononi mwa Salim. Jibu lilikuja lenyewe, na nilifurahi lilipokuja, hilo nalo nalikiri. Miaka yote nilikuwa namsubiri mtu fulani anidanganye, na sasa nilimwona amenidanganya.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Ningeweza kungoja watu wapungue, lakini niliingia katikati yao na mazabodi kwapani.

"Salim, ulinionjesha moja ukanifungia nyingine."

Akacheka. "Ta Kagaruki, leo umeanza mapema."

"Sitanii. Umeniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Wallahi ndiyo ile ile. Ilete tuiwashe, watu waone."

Akaiweka mezani, akainama kuchukua bisibisi, akaweka Mwonjaji. Kioo kikawaka. Watu wakaguna. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo. Mimi nikasema:

"Nimekuona ukiinama chini ya meza. Umeibadilisha tena."

Baadhi wakacheka, lakini mama mmoja mnunuzi wa sahani akasema, "Lisemwalo lipo," akarudisha sahani alizokuwa amezishika. Mwingine akasema kwamba Ta Kagaruki hajawahi kukosea kwenye mambo hayo. Nikasikia sifa, nikapata nguvu ya kulitamka lile neno.

"Wewe ni mwizi, Salim."

Hakupaza sauti. Alichomoa Mwonjaji, akaifunga kwenye kitambaa chake, akaiweka kwenye droo.

"Neno hilo," akasema, "babu yangu hakuitwa kwenye barabara hii, wala baba yangu. Chukua ulichotoa, Ta Kagaruki. Mimi namwachia Mungu."

Akanirudishia changu chote, mazabodi ikabaki kwake, nikatoka. Njiani watu wawili walinipa mkono.

Omurushaka ni mji wa barabara, na habari zake hupanda basi pamoja na abiria. Wiki moja haikuisha, kule Kyerwa walishasema kwamba kuna duka Omurushaka linabadilisha vifaa. Madereva waliokuwa wakishuka kwa Salim kununua chaja wakawa wanavuka kwenda ng'ambo. Mafundi wa Kayanga wakaacha kumwagiza. Nikipita, nilimwona amekaa peke yake kwenye benchi lililozoea kujaa watu, na siku moja nikaona sahani na vikombe vimeanza kupangwa kwenye rafu ya vifaa. Alikuwa anaifunga biashara iliyolisha watoto wake. Mkewe alipita mbele ya karakana yangu bila salamu. Nikasema moyoni, dalili ya hatia hiyo.

Wakati huohuo, siku zikinibana, nilikuwa nimeagiza mazabodi nyingine bila kuonjwa kutoka Mwanza kwa muuzaji asiyemjua Salim. Ikafika na basi, ndani ya boksi lake lenye karatasi zake. Nikainusa, nikakagua vipini, nikaitia tone jekundu kabla hata sijaketi. Nikaweka prosesa ya Ma Yustina. Feni ikazunguka na kioo kikabaki cheusi.

Kwanza nilimshuku kondakta wa basi. Kisha nikamshuku Ma Yustina, kwamba labda alikuja nisipokuwepo akaibadilisha prosesa yake mwenyewe, ingawa sikuweza kueleza angefaidika nini. Nikatazama tone, lilikuwa pale pale, na mkwaruzo wake mdogo ninaoufahamu. Nikairudisha prosesa kwenye kompyuta yangu, ikawaka kama kawaida. Nikabaki na wezi wawili wasiojuana, mmoja Mwanza na mmoja Omurushaka, walioniibia kwa namna moja. Hata shaka yangu ina mipaka. Ndipo nikamsikia Sista Adelina, miaka yote ile baadaye: tafuta kwanza ulichosahau wewe.

Nikachukua karatasi zilizokuja na boksi, ambazo kwa kawaida niliwashia jiko. Kulikuwa na orodha ya prosesa ambazo mazabodi ile inazikubali. Ya Ma Yustina ilikuwemo. Lakini mbele yake kulikuwa na maandishi madogo, yakisema kwamba inakubalika kuanzia toleo fulani la BIOS. Nikaweka lenzi niliyokagulia vipini, nikasoma tena.

Hili lisikilizeni vizuri, maana ndilo lililonila. BIOS ni maagizo machache yaliyoandikwa ndani ya mazabodi yenyewe, ndiyo yanayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuuliza ni prosesa gani imekaa kwenye soketi. Ni kama mlinzi wa mlango wa harusi aliyepewa majina jana. Aliyealikwa leo asubuhi hamjui, hata akija na suti. Soketi ya 1155 ilipokea vizazi viwili vya prosesa, cha mwanzo na kilichofuata, na vyote viwili vinaingia bila kusukumwa. Mazabodi zilizotoka mapema zinakijua cha mwanzo tu, mpaka BIOS zake zibadilishwe. Prosesa ya Ma Yustina ilikuwa ya kizazi kilichofuata. Kompyuta yangu ya karakana ilitoka kiwandani baadaye, ikawa inakijua. Na Mwonjaji wa Salim alikuwa wa kizazi cha mwanzo.

Salim hakubadilisha kitu. Niliionja mazabodi kwa mdomo wa mwingine. Rubisi ukiionja wewe, ni ile ile nitakayokunywa mimi, wala haibagui tumbo. Mazabodi inabagua. Mimi nilichukua adabu ya kibuyu nikaipeleka mahali isipotosha, na ilipokosa sikuishuku adabu yangu, nikamshuku mtu. Msikubali mazabodi mpaka imewashwa kwa prosesa ile ile itakayokaa humo, ibebeni mfukoni mwende nayo dukani. Na someni karatasi kabla ya kuwashia jiko.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Lakini subirini, bado hamjamaliza kunifahamu. Dawa ya tatizo ni rahisi: unaweka prosesa ya kizazi cha mwanzo, mazabodi inaamka, unaibadilishia BIOS kwa flashi, unazima, unaweka prosesa ya baadaye. Nilihitaji tu prosesa ya kizazi cha mwanzo, na niliyemjua anayo karibu ni Salim. Ningeweza kwenda Kayanga nikaazima kwa fundi mwingine, nikamaliza kazi ya Ma Yustina kimya kimya, na Salim akabaki mwizi mpaka siku ya kiyama. Siku mbili nzima niliwaza kufanya hivyo. Siku ya pili nilishachagua hata uongo wa kumwambia fundi wa Kayanga.

Ma Yustina ndiye aliyenikatisha. Alikuja kuulizia kompyuta yake, akaniona nilivyo, akanibana kwa maswali mpaka nikamweleza yote. Hakunionea huruma.

"Basi nenda kwa Salim," akasema.

"Nitamwendea jioni, akishafunga duka."

"Jioni?" Akanitazama nilivyostahili kutazamwa. "Ta Kagaruki waitu, jina umelichafua gulioni, utalisafisha gizani? Kesho kutwa ni gulio. Nitakuja na mimi, nikuone."

Siku ya gulio nilifika saa ile ile, na prosesa na RAM za Ma Yustina mkobani, mwenyewe akinifuata. Salim alikuwa anafuta vikombe. Nikasimama mahali pale pale, nikawaita watu kwa sauti.

"Salim si mwizi. Hakubadilisha mazabodi. Mimi sikusoma nilichopaswa kusoma, nikamtupia yeye kosa langu. Mliosikia siku ile, sikieni na leo."

Watu wakatazamana, wengine wakiulizana mazabodi ni nini. Salim aliendelea kufuta kikombe kimoja kwa muda mrefu. Kisha akakiweka, akafungua droo, akatoa kile kitambaa na kunipa Mwonjaji. Akanyanyua sahani kutoka kwenye rafu. Ile mazabodi ilikuwa chini yake, haijauzwa. Nani angeinunua?

Tuliifanyia kazi hiyo hiyo, si ile ya Mwanza, kwenye meza yake. BIOS ikibadilishwa, umeme ukikatika katikati, mazabodi inakufa kabisa, na umeme wa Omurushaka hauna ahadi na mtu. Kabla sijasema lolote Salim alikwenda nyuma, akawasha jenereta yake, akavuta waya hadi mezani. Nikaweka Mwonjaji na flashi, tukakodolea kioo zile dakika chache. Ilipokwisha nikatoa Mwonjaji. Ma Yustina akaikagua prosesa yake, akaliona tone lake, ndipo akaniruhusu kuiweka. Kioo kikawaka. Akapiga kigelegele kifupi, halafu akahesabu RAM tena. Kuhesabu huko kulinifurahisha.

Mnaweza kudhani mambo yakawa kama zamani. Hayakuwa. Vikombe viliondoka kwenye rafu na vifaa vikarudi, na mimi nikawa namleta kila mteja wangu kwa mkono. Lakini wapo waliokuwepo siku ya tusi na hawakuwepo siku ya kuomba radhi, na hao ndio wengi. Mpaka nastaafu nilikuwa nakutana na mtu wa Kyerwa anayeniambia kwa siri nijihadhari na duka lile. Kila mara nilisimama nikaeleza upya, na kila mara niliona machoni mwake kwamba ananishuku nimehongwa. Nimevuna nilichopanda.

Siku ile watu walipotawanyika, nilitoa mfukoni kijikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, tunayoichemsha na majani na kuianika kwa ajili ya kumpa mgeni. Nilikuwa nimetembea nayo tangu asubuhi nisijue kama nitathubutu. Anayetoa ndiye anayeonja kwanza, nimeshawaambia. Kwa hiyo nikafungua kifuniko, nikachagua punje moja, nikaiinua ili Salim anione nikiitia mdomoni.

Alikuwa ameshachukua yake. Alikuwa anaitafuna, macho yake barabarani, akilitazama basi la Kyerwa likigeuza. Yangu ilikuwa bado mkononi.